Uji Usioonjwa

Kwenye matanga ya Mama Mkubwa, kule Muyinga, ndugu zetu waliotoka Gitega walikunywa soda tu. Pilau ilipita mbele yao na harufu yake yote, wakasema wameshiba. Watu walioamka alfajiri, wakakaa kituoni kungoja gari lipate esansi, wakafika midomo imewakauka, eti wameshiba. Hata hizo soda walitaka zifunguliwe mbele ya macho yao, na shangazi yangu mmoja alikifumbata kizibo kiganjani mpaka chupa ikaisha. Mimi nilikula sahani nzima, nikaongeza. Niliteseka baadaye, maana tumbo langu na pilau siku hizi hawaongei, lakini ilibidi mtu mmoja wa damu ya mama yangu ale pale, tena aonekane anakula, na kula ni kazi ninayoiweza bila kuinuka kwenye kiti.

Sasa nimerudi nyumbani Musinzira, hapa Gitega, na kwa kuwa pilau ile bado imenikalia kifuani, namenya tangawizi. Harufu yake inanishika puani, na kabla maji hayajachemka mimi si mama wa watu tena. Ni mtoto nimekaa kwenye mkeka wa Mama Mkubwa, na mama yangu yupo, anacheka.

Niseme kwanza nilivyokuja kuielewa habari hii, maana niliishi nayo miaka mingi bila kuielewa. Mimi ni mtu wa ndani. Jirani zangu wananitania kwamba nikienda sokoni nifungashe sanduku. Kwa hiyo kichefuchefu kiliponianza nilikaa nacho nyumbani kama mgeni aliyekosa nauli ya kurudi kwao, mpaka binti yangu aliponiburuta hospitalini. Dokta, kijana mpole wa huku huku kwetu, alinibonyeza tumbo, akasoma majibu ya sukari yangu, akasema, "Bon, mama, tumbo yako iko mvivu."

Nikamwambia tumbo hilo limechelewa tu, viungo vingine vyote vilishakuwa vivivu tangu niolewe. Alicheka, kisha akanieleza. Kuna mshipa wa fahamu unaoliamuru tumbo lisukume chakula kiende chini. Sukari ikikaa mwilini miaka mingi bila kudhibitiwa, inauharibu mshipa ule, basi chakula kinabaki kimekaa pale pale, kinangoja amri isiyokuja. Mtu anashiba kwa vijiko viwili. Anachefuka hata kwa harufu. Na kuna wengine, akasema, wanaamka asubuhi wanatapika maharagwe ya jana, mazima, kama yamepakuliwa sasa hivi.

Hapo nikaangua kilio. Maskini dokta alidhani naogopa ugonjwa, akaanza kunibembeleza kwa maelekezo: nile kidogo kidogo mara nyingi, uji mwembamba uliochujwa, mboga zilizopondwa mpaka zikalainika, maharagwe na sombe ya majani ya muhogo na vyakula vya mafuta niviache kwanza, na nikishakula nisijilaze bali nitembee, hata kama ni kuuzunguka ua. Nikamwuliza habari ya tangawizi. Akasema kuna watu inawatuliza kichefuchefu, haina neno, ila haiwezi kulifanya tumbo lililochoka lifanye kazi kama zamani, wala haichukui nafasi ya dawa za sukari. Niliitikia kila neno. Lakini sikuwa najililia mimi. Nilikuwa nayaona maharagwe ya mama yangu.

Mama na Mama Mkubwa walikulia Tanzania, upande wa Kigoma, kwenye makazi ya wakimbizi, watoto wawili wa kike kitanda kimoja, shuka moja. Waliporudi Burundi, Mama aliolewa Gitega na baba yangu, mwalimu aliyekuwa anafundisha Mushasha, naye Mama akabaki na kanisa lake. Dada yake aliolewa Muyinga na fundi cherehani Mwislamu, akasilimu, Melania akawa Mariamu. Watu walidhani dini itawatenganisha. Wala. Kilichowatenga ilikuwa barabara tu, na barabara yenyewe ilishindwa, kwa sababu kila likizo tulikuwa Muyinga.

Mimi safari sikuzipenda hata wakati huo. Nilibebwa kama mzigo, nikinuna, na Mama Mkubwa alinipokea mlangoni kwa maneno yale yale: "Haya, konokono kafika, mwekeni na nyumba yake." Nilimpenda sana, ila alikuwa na jambo moja lililoniudhi. Hakukupa kikombe bila kukinywa kwanza. Iwe chai, iwe uji, iwe maziwa ya mgando, alipiga funda, akafuta ukingo kwa kidole gumba, ndipo akakukabidhi. Mimi niliamini ni uroho. Nilimwonea hata huruma, mwanamke mzima, mwenye jiko lake na vyungu vyake, asiyeweza kuvumilia uji wa mgeni umpite. Siku moja nikamwuliza Mama kwa kunong'ona kama dada yake huwa hashibi. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaenda kumwambia, wakacheka wote wawili, na kuanzia hapo nikaitwa wakili wa vikombe.

Hakuna aliyenieleza. Kwetu mtoto haambiwi kwamba mtu anaweza kuuawa kwa kikombe cha uji. Haambiwi kwamba mwenye nyumba hunywa kwanza ili mgeni aone kwa macho yake kinywaji kikipita salama kooni mwa mwenyeji, na kwamba funda lile ndilo karibu yenyewe. Yale mengine ya mdomoni ni mapambo.

Basi likizo moja iliangukia Ramadhani. Mama alikuwa ameshaanza kukonda. Sukari alikuwa nayo tangu aliponizaa. Vidonge vikipatikana alimeza, visipopatikana alikunywa maji na kusema Mungu ni mkubwa. Mama Mkubwa alikuwa amefunga, lakini mchana alimpikia mdogo wake, akisema mgonjwa hana Ramadhani, tena huyu wala si yake. Aliuchuja uji wa ulezi kwa kitambaa, akautia tangawizi, akampa kikombe kimejaa mpaka ukingoni. Hakuonja. Angeonjaje na swaumu? Mimi moyoni nikashangilia, nikaona kumbe dini ya Kiislamu inaponya uroho. Na Baba, aliyekuwa amekuja kutuchukua, aliona pia, akatania kwamba leo shemeji ametuachia kikombe kizima, hii ni baraka ya mwezi. Tulicheka wote. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama niliwahi kuwasikia tena dada wale wakicheka pamoja. Sikuwasikia.

Tuliporudi Gitega Mama akazidiwa. Alikula vijiko vichache akasukuma sahani. Akishika tumbo, lilikuwa limejaa kama la mtu aliyetoka harusini, na mikono yake ilikuwa vijiti. Kwenye zahanati walimpa dawa za minyoo, halafu za vidonda vya tumbo. Nyogokuru, mama yake Baba, akaja kutoka Buraza kumuuguza. Nitakuwa mwongo nikisema alimchukia Mama. Alimpenda, na ndiyo maana aliogopa.

Asubuhi moja Mama alitapikia beseni uani. Nyogokuru akachuchumaa, akaokota kijiti, akayageuza. Yalikuwa maharagwe ya jana mchana na maganda yake, kama yametoka chunguni.

"Hii chakula ya jana," alisema. "Tumbo ya mtu hailazi chakula. Iko kitu mwa tumbo inaizuia."

Baba alikuwa mwalimu, hakusadiki mambo ya sumu. Yaani mchana hakusadiki. Alijaribu kucheka, lakini Nyogokuru hakuwa na haraka, alimwuliza swali moja tu, akamwuliza tena: nani alimpa mke wako kitu bila kuonja? Baba akasema kweli, kwa sababu alikuwa mtu wa kweli, akataja Muyinga, akaongeza upesi kwamba shemeji alikuwa kwenye mwezi wa kufunga.

"Mwezi mzuri huo," akasema Nyogokuru. "Mtu anaweza kukosa kuonja na wote mukacheka naye."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikachanganyikiwa. Miaka yote mwanamke yule alikuwa mroho wa vikombe na hakuna aliyemsema. Siku aliyoacha uroho, ndiyo siku anayoshtakiwa.

Kule Buraza kulikuwa na mzee aliyejulikana kwa kutapisha watu sumu. Tulimpeleka Mama. Alimpa maji ya majani machungu, kibuyu juu ya kibuyu, mpaka Mama akainama na mwili wote, na pamoja na maji likatoka bonge la nyuzi za kijani, gumu, kubwa kama yai la kuku mchanga. Mzee aliliinua juu ya jani la mgomba ili kila mtu alione. Watu walishusha pumzi, nami nikashusha. Nilifurahi. Niliona kitu kimetoka, basi imekwisha, tutarudi nyumbani na Mama atanisuka nywele.

Dokta wangu ameniambia kwamba nyuzi za mboga, hasa za majani kama sombe, zikikaa muda mrefu kwenye tumbo lisilosukuma, hujisokota zikawa bonge. Kwa hiyo yule mzee sina la kumwita. Aliona alichokiona, nasi tuliona naye. Alitupa amri mbili: Mama asipokee tena chochote kutoka kwenye mkono uliompa uji ule, na asichanganye majani yake na vidonge vya hospitali. Ya pili ndiyo iliyomuua. Ya kwanza ndiyo iliyobaki nasi.

Na Mama mwenyewe? Alikuwa hana nguvu ya kubishana. Nilimsikia mara moja tu, amelala upande, akimwambia Nyogokuru kwa sauti ya chini, "Dada yangu amenilisha tangu sina meno."

"Ndiyo maana anajua mdomo yako," Nyogokuru akamjibu, huku anamfunika miguu vizuri.

Maneno yakasafiri mpaka Muyinga bila kungoja gari. Mama Mkubwa akaja. Ilikuwa mchana wa jua, ua umejaa shangazi na majirani waliokuja kumtazama mgonjwa, na Mama alikuwa amelazwa kwenye mkeka barazani apate hewa. Mama Mkubwa aliingia na ushungi mweupe na chupa ya chai kwapani. Alimwamkia Nyogokuru shikamoo, kama walivyolelewa Tanzania, na shikamoo ile ikabaki hewani bila mtu wa kuipokea. Akaenda moja kwa moja kwa mdogo wake, akapiga magoti, akafungua chupa. Ulikuwa uji, na harufu ya tangawizi ikatoka ikajaa baraza.

"Leo sijafunga," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye lango.

Alimimina, akapiga funda. Akapiga jingine. Akanywa kikombe chote, kisha akawageukia watu wote na kufunua mdomo wazi, ulimi nje, kama mtoto anayeonyesha kwamba amemeza kidonge. Mwanamke wa heshima yake. Mpaka leo mdomo ule nikiufikiria naweka mezani kisu ninachomenyea. Halafu akamimina tena, akamwinua Mama kichwa, akampa kikombe mikononi.

"Kunywa, mdogo wangu. Kidogo tu, wakuone."

Nilikuwa nimekaa karibu kuliko wote. Mama alikipokea kwa mikono miwili. Alikiinua. Mvuke ulimfika puani, na hapo nikaona midomo yake inajifunga, koo linapanda na kushuka bila kitu ndani. Alimtazama dada yake. Akakiweka kikombe kwenye mkeka, akageuza uso ukutani.

Mama Mkubwa alingoja. Alingoja muda ambao kwa mtoto ni mrefu mno, mkono wake bado uko nyuma ya shingo ya Mama. Kisha akauvuta taratibu, akafunga chupa, akatengeneza ushungi.

"Haya," alisema. "Na wewe pia."

Akatoka. Hakukimbia, hakulia, na hakugeuka, maana nilikuwa namwangalia kama atageuka.

Mama alifariki mvua zilipoanza. Mwishoni alilala sana, pumzi zake zikanuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi, na Baba alipoamua kumpeleka hospitali kubwa, kulikuwa hakuna tena wa kumwahisha. Mama Mkubwa hakuja mazishini. Kwa ndugu zetu hiyo ilikuwa hukumu imesomwa: wakasema mtu hawezi kusimama kwenye kaburi alilolichimba. Hapakuwa na likizo ya Muyinga tena, na mimi, mvivu wa safari, ningetembea kwa miguu kama wangeniruhusu. Nikakua na mawazo mawili, yote mabaya: ama mama yangu mkubwa alimuua mama yangu, ama mama yangu alikufa akiamini hivyo. Sikujua lipi la kuliombea.

Mpaka hivi majuzi, baada ya dokta. Binti yangu aliniletea uji kitandani. Ulikuwa umechujwa vizuri, una tangawizi, na nilikuwa nautamani tangu asubuhi. Niliinua kikombe, mvuke ukanifika, na mdomo wangu ukajifunga wenyewe. Sikuuamuru. Nilimpenda aliyeuleta, niliutaka uji, na koo likakataa kama mlango uliopigwa na upepo. Nikaweka kikombe chini nikageukia ukuta, kwa sababu hata kukitazama kulinichefua.

"Mama," binti yangu akasema nyuma yangu, "nimekukosea nini?"

Kesho yake konokono alikuwa njiani kwenda Muyinga.

Nilimkuta Mama Mkubwa amezeeka, mjane, amekaa nje anachagua mchele kwenye ungo. Alinitambua kabla sijasema jina. Hakuuliza nimefuata nini baada ya maisha yote hayo, alinisogezea tu kigoda. Nikamweleza vyote, nikihangaika na maneno ya dokta kama mwanafunzi wa sekondari niliyekuwa, yaani bila kuelewa hata nusu: mshipa, sukari, tumbo linalochelewa, bonge la sombe. Kisha nikamweleza habari ya mdomo wangu. Nilikuwa nimebeba kweli ile kutoka Gitega kama mtu anayebeba zawadi, naogopa isivunjike njiani. Nilidhani ataipokea, atamshukuru Mungu, tutakumbatiana, tutalia vizuri.

Vidole vyake viliacha kuchagua.

"Kwa hiyo hakunikataa."

"Hakukukataa, Mama Mkubwa. Alishindwa."

"Alitaka kunywa?"

Nikamwambia naamini alitaka. Nikamwambia alikipokea kwa mikono miwili, nilikuwa pale, nilimwona. Nilipomtazama, uso ule niliodhani utafunguka ulikuwa unabomoka polepole, kuanzia kidevuni.

"Mimi ndiye niliyeonewa," alisema. "Hilo ndilo lililoniweka hai. Waliponiletea habari kwamba amekufa, nilikuwa nimeshavaa. Nikavua. Nikasema, aliyenigeuzia uso akiwa hai, nitamfuata kaburini ya nini." Akaupapasa mchele kama hauoni. "Kumbe alikuwa mgonjwa tu. Mdogo wangu anaumwa, mimi nimemnunia mpaka amezikwa na wageni."

Nikasema asingeweza kujua. Nikasema sote hatukujua, hata zahanati haikujua. Aliinua kiganja nikanyamaza. Basi nikashika lililokuwa limebaki mkononi mwangu: nikamwahidi kwamba nitapita kwa ndugu zetu wote, Gitega na Buraza, nyumba kwa nyumba, niwaeleze ugonjwa ulivyokuwa, jina lake lisafishwe kabla hajafa. Mimi, ambaye sokoni ni safari. Nilimaanisha.

Alinisindikiza hadi barabarani akiegemea bega langu. Gari lilipokuja alinishika kifundo cha mkono, akakaza kuliko nilivyodhani mzee anaweza. Neno aliloniambia pale nililitii muda wote aliokuwa hai, sikumwambia mtu.

"Usiwaambie," alisema. "Ukiwaambia sikumroga, wataniuliza mbona sikuja kumzika. Acha waseme nilimroga. Hilo nimeshalizoea."